Mugonjwa Sana, Kuja Mbio

Kisanga cha Mulamba, tarehe 12 Novemba 2023

Kwa yaya yangu Moustapha, kaka yangu mukubwa, huko Wamaza,

Pokea salamu za sisi wote tulio huku kisangani, kisiwa chetu katikati ya maji. Tuko, tunapumua, tunakula samaki mpaka tumechoka naye. Watoto wangu Glody na Estelle walishikwa na malaria wote wawili siku moja, lakini wamepona na wameanza tena kunisumbua. Baba yao bado iko Salamabila anachimba dhahabu, na tangu mwezi wa saba hajatuma hata neno. Mbuzi wa mama amezaa mapacha. Mumoja mama amemupa jina lako, kwa sababu kila akiona maji anakimbia. Usikasirike, mimi ninaandika tu aliyosema mwenyewe.

Barua hii ninamupa Clovis aivushe mpaka sokoni Kasongo, naye atamupa Chadrack mwenye pikipiki, yule anayewaletea chumvi na sabuni. Simu haishiki hapa, na najua kwenu ni vilevile.

Sasa neno lenyewe. Muto unapanda kabla ya wakati wake. Kijiti nilichosimamisha mbele ya jiko, Ijumaa kilikuwa kikavu mpaka chini, na leo maji imekifunika vidole vinne. Redio inasema kule juu, ziwa la Tanganyika limejaa kuliko miaka yote, na yote hiyo inashuka kwetu. Juma lililopita walikuja watu wawili wa serikali na mutumbwi wa mota. Walipima huku na huku, wakatuita wote, wakasema kisanga chetu ni muchanga mutupu, hakina jiwe chini. Wakasema matete na miti ya pembeni tuliyoikata miaka yote hii kwa kukausha samaki ndiyo iliyokuwa inaushika ule muchanga. Maji kubwa ikikutana siku moja na upepo mukubwa, kisanga kitakatika. Wametupa viwanja ng'ambo, kwenye mulima nyuma ya bandari. Nusu ya watu wamekwisha kuvuka.

Mama hataki. Si kwamba amekataa kuvuka, hapana, ungemusikia mwenyewe: "Nitavuka. Lakini atakayenivusha ni Moustapha. Yeye ndiye ashike kasia. Mutu mwingine asiniguse." Nimemubembeleza, imamu amekuja kumubembeleza, hata chifu. Anajibu vilevile, halafu anauliza kama wamekula.

Yaya, wewe ni Mugenya, mutu wa muto, umejua kasia kabla ya kujua kutembea. Kutoka Wamaza ni siku tatu za pikipiki, nne kama barabara ni mubaya. Kuja umuvushe mama. Ni hilo tu ninakuomba, sina lingine.

Mudogo wako,
Subira


Wamaza, tarehe 3 Desemba 2023

Subira mudogo wangu, mutoto wa mama yangu,

Nimepata barua yako, nimeisoma mara mbili, na Emilienne muke wangu nimemusomea pia. Anakusalimu sana. Amefurahi kusikia habari za mbuzi, amecheka, na tangu siku hiyo ananiita mbuzi wa mama. Sisi huku tuko wazima. Mupunga umeota vizuri, kazi ni kufukuza ndege tu. Muhogo wa upande wa bonde nyani wameumaliza. Mukwe wangu mwanaume alianguka kwenye mulima, mukono umevunjika, lakini kuna muzee hapa anayejua kufunga mifupa na amemufunga. Padri wa kwao Emilienne amehamishwa. Mvua ni mingi. Mutoto hatujapata bado, Mungu ndiye anajua.

Kuhusu yale ya kuvuka, mwambie mama asisumbue watu. Clovis ni fundi wa maji, ana mikono mizuri kuliko mimi. Kasia sijaishika siku mingi, na mukono ukisahau umesahau. Mimi sasa ni mutu wa jembe. Tena barabara yenyewe, daraja la kabla ya Kabambare lilikwenda na mvua, watu wanavusha pikipiki kwa mabega.

Mwambie mama namusalimu, namuheshimu, ninamuombea kila siku. Mwambie asikilize wale watu wa serikali. Muchanga ni muchanga.

Muwe na amani,
Moustapha


Kisanga cha Mulamba, tarehe 27 Desemba 2023

Yaya Moustapha,

Salamu kwako na kwa wifi yangu Emilienne. Pole kwa mukono wa mukwe. Hapa Glody amepoteza meno mawili ya mbele, Estelle anamucheka, halafu mimi ninaamua ugomvi. Mboga ya sombe iko, chumvi iko, hatujalala njaa.

Nilifanya ulivyosema. Clovis alikuja Jumatatu na mutumbwi wake mukubwa, ule wa kubeba mahindi. Nikapakia mukeka wa mama, sufuria zake, mbuzi watatu. Mama mwenyewe akaingia, akakaa katikati, akafunga kitenge chake vizuri. Nikafikiri Mungu amenisaidia. Clovis aliposhika kasia, mama akamuuliza: "Wewe ni Moustapha?" Clovis akajibu, "Hapana mama, mimi ni Clovis, unanijua tangu kuzaliwa." Mama akasimama, akashuka ndani ya maji mpaka magoti, akavuta mbuzi wake kamba moja, akarudi nyumbani. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Maji imeingia jikoni. Tunapikia juu ya meza. Kule kwenye mukia wa kisanga nyumba mbili zimeanguka mchana watu wakitazama, ukuta ulikwenda polepole na muchanga chini yake, na wenyewe walikuwa wametoka, tunashukuru. Tumebaki nyumba kumi na moja.

Unaandika kwamba mukono umesahau. Yaya, mimi si mutoto. Unajua kwa nini mama anakutaka wewe, na mimi ninajua, na hata huyu Clovis anajua. Ni miaka sita sasa hakuna anayetaja. Umeandika karatasi nzima ya nyani na padri. Sawa, na mimi sitataja. Lakini Mugenya anayelima mupunga mulimani kwa kukimbia muto, watu wanamuongelea, na mimi ninachoka kuwajibu.

Mama anasema niandike hivi, na ninaandika maneno yake: "Mwambie mwanangu sina haraka. Niko na nguvu, meno yangu ni mazuri kuliko ya Glody. Nitangoja."

Subira


Wamaza, tarehe 21 Januari 2024

Subira,

Tuko wazima. Emilienne iko muzima. Mukono wa mukwe umepona lakini umepinda. Tumeanza kula mahindi mabichi.

Sikiliza vizuri haya, na umusomee Clovis pia.

Mutumbwi usiufunge upande wa katikati ya muto. Ufunge upande wa bandari, kule kisanga kinauficha, na kamba iwe ndefu. Watu wanafunga kamba fupi kwa kuogopa wizi, halafu maji inapanda usiku na kamba inaushika mutumbwi chini mpaka unajaa. Kila siku uutoe maji hata kama hujautumia. Kasia mbili zilale ndani, si nyumbani.

Upepo mubaya hautoki kule mvua inatoka. Unatoka upande jua linazama. Kabla yake kuna joto siku mbili, na jani halitikisiki, na maji inakuwa laini, unafurahi, unasema leo ni siku ya kuvuka. Hiyo ndiyo siku ya kutovuka. Ukiona vipande vya matete vinapita vikiwa na mizizi yake, na povu nyeupe linazunguka bila kuvunjika, jua kule juu muto umekula nchi. Basi usingoje mutu yeyote. Chukua watoto, vuka asubuhi kabla ya saa mbili, kwa sababu asubuhi upepo bado umelala.

Ukiwa katikati na upepo ukikukuta, usigeuze mutumbwi kurudi. Watu mingi wanakufa kwa kugeuza. Upe upepo pua, kaa chini, acha muto ukupeleke unapotaka, utakufikisha ukingoni hata mbali. Kugeuza ndiyo kosa. Najua.

Nitakuja nikimaliza kuvuna mupunga. Mwezi wa tatu ama wa nne.

Moustapha


Kisanga cha Mulamba, tarehe 11 Februari 2024

Yaya,

Mama iko mugonjwa sana. Kuja mbio. Usikawie.

Subira


Wamaza, tarehe 25 Februari 2024

Subira wangu,

Innalillahi wa inna ilaihi rajiun. Barua yako ilinifikia juzi Ijumaa, nikiwa shambani. Chadrack alinipa, akaona uso wangu, akazima pikipiki.

Aksanti kwa kuniandikia kwa heshima. Kwetu mutu hapeleki kifo juu ya karatasi, anasema mugonjwa, na mwenye kusoma anaelewa. Zamani baba alipokufa, nikiwa mbali na nyumbani, uliniandikia maneno yaleyale, "baba iko mugonjwa sana, kuja mbio," na mimi nikiwa bado mujinga nilinunua dawa njiani. Nilipofika udongo wa kaburi ulikuwa umekwisha kukauka. Safari hii nimeelewa palepale. Barua imekaa njiani siku kumi na mbili, kwa hiyo najua mama mumekwisha kumuzika, na najua mumemuzika vizuri.

Watu wa Wamaza wamenisaidia. Nimetandika mukeka mbele ya nyumba, wamekuja Waislamu, wamekuja Wakristo wa kwao Emilienne, wamekaa na mimi siku tatu. Wanawake walilia kama wanamujua. Nimenyoa kichwa. Nimehesabu kutoka tarehe ya barua yako, arobaini ya mama itakuwa Alhamisi, tarehe 21 Machi. Nitakuja, Subira. Kwa Mungu nitakuja. Nitavuka mwenyewe, nisome dua juu ya kaburi lake.

Sasa kwa sababu mama hawezi tena kusikia, acha niandike. Ile siku na Mado mutoto wangu, mama aliniambia ngoja. Tulikuwa bandarini tumetoka sokoni, alinishika shati, akasema upepo huu sio, ngoja upite. Nikamuambia, mama, mimi ni fundi. Mutoto wangu alikuwa na miaka saba, amevaa viatu vipya, hakutaka vilowe, alikaa amenyanyua miguu. Katikati upepo ulikuja, na mimi nikageuza. Niligeuza kwa sababu niliona mama amesimama ukingoni na nikaona aibu mbele yake kabla ya kuona maji. Mado alinishika mukono huu wa kushoto. Sikumuachilia. Alitoka tu.

Miaka sita mama hakuniambia hata siku moja "nilikuambia." Angeniambia ningekaa. Alinyamaza, akanipikia, na mimi sikuweza kula chakula cha mutu anayenyamaza hivyo. Ndiyo maana nilikwenda. Alikuwa ananiita nimuvushe na mimi ninaandika habari za nyani. Nilijua anachotaka. Nilisema moyoni, mwaka kesho.

Nisamehe. Muniombee kwenye kaburi lake mpaka nifike.

Moustapha


Kisanga cha Mulamba, tarehe 8 Machi 2024

Yaya Moustapha,

Barua yako imefika jana. Imesomwa kwa sauti, kila neno, na tumelia wote nyumbani. Aksanti kwa rambirambi, na shukrani kwa watu wa Wamaza.

Siwezi kuandika mingi. Kuna mutu amekaa karibu yangu anasikiliza kalamu. Ninaandika tu hivi: ahadi ya arobaini tumeishika. Tunakungoja. Ukifika bandarini usikae, usiulize mambo, panda mutumbwi wa kwanza unaouona na uvuke. Ukiweza kuja mbele ya siku, kuja mbele. Maji iko mulangoni sasa, tumebaki nyumba tano.

Kuja kweli, yaya.

Subira


Mulimani, nyuma ya bandari ya Kasongo, tarehe 2 Aprili 2024

Moustapha,

Mama amekufa. Ninaandika neno lenyewe, bila kulifunika, ili safari hii usikosee. Amekufa Jumatatu tarehe 18 Machi, asubuhi. Siku ulipomulilia alikuwa muzima, anakula, anagombana na mbuzi.

Kosa la kwanza ni langu, nalikubali. Mwezi wa pili mama alikuwa na kikohozi tu. Niliandika mugonjwa sana ili uogope, kwa sababu kwa habari za maji ulikuwa huogopi, ama uliogopa kwa namna ya kukaa mbali. Nilisahau kwamba kwa baba nilitumia maneno hayohayo. Barua yako ilipofika nilisoma mustari wa kwanza nikaona giza.

Mama aliniuliza umeandika nini. Nikajaribu kumudanganya, lakini hujawahi kuweza kumudanganya mama na mimi pia sijawahi. Nikasoma yote. Kwa matanga yako alicheka kwanza, akauliza kama wanawake wa Wamaza walilia vizuri. Halafu nikafika kwenye habari za Mado na akaacha kucheka. Aliniomba nisome tena pale ulipoandika kwamba alinyamaza. Akasema, na haya ndiyo aliyotaka kukuambia wewe mwenyewe ndani ya mutumbwi, mukiwa wawili tu: "Nilimuambia ngoja, ni kweli. Na alipokataa, ni mimi niliyemubeba mutoto nikamuweka ndani. Viatu visilowe. Ningemushika tu mukono, angebaki na mimi. Sikunyamaza kwa kumuhukumu mwanangu. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa naogopa atakumbuka nani alimupandisha."

Mimi nilitaka kukuandikia saa ileile kwamba mama iko muzima. Alininyang'anya kalamu. Akasema, "Akijua niko muzima atavuna mupunga kwanza. Kwa maiti yangu amekubali kuvuka. Acha nibaki maiti mpaka tarehe 21." Nikamuambia mama, maji haitakungojea wewe. Akasema mwanangu hajawahi kuapa kwa Mungu akadanganya. Ndiyo maana barua ya tarehe 8 niliiandika vile. Mutu aliyekaa karibu yangu ni yeye.

Tangu Jumamosi alibadilika. Alifagia uwanja wote uliobaki, alijipaka mafuta, alitoa kile kitenge cha buluu cha idi. Nikamuuliza kuna nini, akacheka peke yake. Jumapili asubuhi matete yakaanza kupita na mizizi yake, kama ulivyoandika, na povu. Nikakusikiliza wewe. Clovis akaleta mutumbwi, nikapakia watoto, nikamulilia mama, nikamushika miguu. Akasema: "Vuka na watoto. Mimi ninangoja kidogo. Kesho nitakuwa ng'ambo." Alisema kwa furaha, na kwa furaha yake nikafikiri anajua kitu. Nikavuka, nikamuacha. Hilo ni kosa langu la pili, na hilo si la kalamu.

Jumatatu saa mbili upepo ulitoka kule jua linazama. Clovis alijaribu mara tatu, upepo ulimurudisha. Tulikuwa tumesimama mulimani, watu wa kisanga chote. Tuliona kisanga kinakatika, kwanza kati, halafu upande wa nyumba yetu. Iliisha kabla ya saa tatu. Sasa pale ni maji tu, na hata bandarini mawimbi yanapiga mpaka kwenye vibanda vya soko, kwa sababu hakuna kinachoyazuia tena.

Walimupata Jumatano, mbali, kwenye matete. Tulimuzika Alhamisi. Ni siku uliyoihesabu. Watu waliniuliza mwanawe iko wapi, nikasema anakuja, leo ndiyo siku aliyoapa. Tukakungoja mpaka jua likazama, halafu imamu akasema haifai kungoja zaidi, watu wamefunga, wafuturu.

Hukuja, Moustapha. Sitaki unieleze barabara. Niambie tu ulikuwa wapi.

Subira


Wamaza, tarehe 21 Aprili 2024

Subira,

Sina salamu. Nisamehe.

Nilitandika tena ule mukeka mbele ya nyumba. Nikawaambia majirani mama yangu amekufa. Muzee mumoja akanishika bega, akasema, "Moustapha, mama yako tulimulilia mwezi wa pili." Nilieleza, na kila nilivyoeleza niliona wananihurumia, kama kichwa changu kimeharibika. Walikaa kidogo kwa adabu, wakakwenda shambani. Emilienne peke yake amekaa na mimi siku tatu. Barua yako ya tarehe 8 niliikuta kwenye nyumba niliporudi.

Niliporudi, ndiyo. Umeuliza nilikuwa wapi. Mutu mwingine sitamuambia.

Nilitoka Wamaza Jumatano tarehe 13 Machi, nikiogopa barabara itanichelewesha. Barabara haikunichelewesha. Jumamosi, alasiri, nilikuwa bandarini. Nilivaa kofia mpaka kwenye macho ili Clovis asinijue. Mwenye mutumbwi akaniuliza, unavuka? Nikasema bado. Nilivua viatu, nikaingiza miguu ndani ya maji mpaka hapa kwenye kifundo, na miguu ikakataa kuendelea mbele ya watu, mutu muzima, mwenye kichwa kimenyolewa. Nikatoka. Nikakaa juu ya mutumbwi uliopinduliwa. Nikasema, mama amekwisha kufa, kaburi halina haraka, dua inafika hata kutoka hapa. Haya ndiyo niliyosema.

Maji ilikuwa laini. Kisanga kilikuwa karibu, unajua, ukiwa na macho mazuri unaona mpaka kuku. Nilimuona mama mumoja muzee anasugua sufuria kwenye muchanga, mbele ya ile iliyokuwa nyumba yetu. Akanyooka, mukono kiunoni, akatazama upande wangu. Alisimama kama mama. Nikasema moyoni, msiba unanionyesha mama kila mahali, sasa ninamuona kwa kila mwanamuke muzee. Nikalia pale, watu wakageuza macho.

Halafu kabla ya kuondoka nikasimama nikainua mukono, kiganja wazi, juu ya kichwa. Nilitaka kumuaga mama yangu, na kwa sababu hakuwepo nilimuaga kwa huyo mama wa watu. Naye akainua wake. Alitupa sufuria chini ili auinue. Mimi nikageuka, nikamuambia mwenye pikipiki twende.

Nimeandika mpaka hapa nikaacha siku mbili. Subira, unajua sisi Wagenya mukono wa hivyo kutoka ng'ambo ni nini. Si kwaheri. Hata watoto wetu wanajua. Mutu akiuinua ukingoni maana yake ni moja tu: nimekuona, usihangaike, ngoja hapohapo, ninakuja kukuchukua.

Usijilaumu kwa Jumapili. Ungemufunga kamba angekata. Hakuwa na kichwa kigumu, na hakukataa kuvuka. Mama alikuwa ananitii.

Moustapha